Nilivyoacha mashine ya esansi, sasa nakata majani kwa umeme

Nina bustani ya kukodisha kwa sherehe hapa Himbi, Goma, na majani yake ndiyo yanayoniletea wateja. Maharusi wanataka zulia la kijani la kupigia picha, basi gazoni yangu siwezi kuiacha hata wiki mbili bila kuikata wakati wa mvua.

Kwa miaka nilitumia mashine ya esansi, yaani petroli. Ilikata vizuri ikikubali kuwaka, ila kuwaka kwenyewe ndiko kulikuwa kazi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Injini iliyorekebishwa kwa miji ya chini ikifika huku hupata esansi nyingi kuliko hewa, ikachoma vibaya, buji inayotoa cheche ikajaa masizi, na nguvu yake ikapungua kwa kama asilimia 15. Ongeza hapo esansi ya bidoni za kando ya barabara, ambayo huwezi kujua imechanganywa na nini. Na asubuhi ya harusi moshi ule unabaki kwenye mapazia ya hema.

Injini ya umeme haichomi kitu, kwa hiyo wepesi wa hewa hauisumbui hivyo. Kilichonipa moyo ni umeme wa maji unaotoka Matebe, kule Rutshuru, kituo kilichozinduliwa mwaka 2015. Tangu mtaa wetu uunganishwe, niliona nina nguvu ya kutosha ukutani, kwa nini niendelee kubeba bidoni?

Nikamwita fundi wa umeme. Akasoma kibandiko cha mashine niliyoichagua, wati 1,600, kisha akahesabu hatua kutoka prizi ya barazani hadi ukuta wa mwisho.

“Mama, mashine haina shida. Niambie waya utanunua gani.”

Alikuwa na haki, na hili ndilo ninalotaka kila mwenye bustani alisikie. Wati 1,600 kwa volti 220 ni zaidi kidogo ya ampia 7. Ukizipitisha kwenye waya wa mita 50 wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba wa redio na taa uliojaa sokoni, volti kama 17 zinapotelea njiani. Ukichukua wa milimita 2.5, zinapotea kama 5 tu. Saa ambazo umeme wenyewe umeshuka, tofauti hiyo ndiyo inayofanya injini ilemewe, ipate joto na kuungua. Nilinunua wa 2.5, wa mpira, rangi ya machungwa ili uonekane ndani ya majani. Ni ghali, na sijutii hata faranga moja.

Fundi akaniwekea pia kwenye prizi ile kikata-umeme cha miliampia 30, kinachozima chenyewe umeme ukianza kuvuja. Bila hicho nisingemruhusu mtu yeyote ashike mashine, maana kisu kikigusa waya hakuna muda wa kufikiri.

Baba Furaha, anayenisaidia bustanini, alijifunza mwendo haraka. Anaanza karibu na prizi na kwenda akijitenga nayo, waya ukiwa begani, na kila akigeuka anautupa upande uliokwisha kukatwa. Hazunguki kamwe. Waya wote anaukunjua kabla ya kuanza, kwa sababu ukiachwa umejiviringa hupata joto hadi ganda lake linaweza kuharibika. Majani yakiwa na umande tunangoja. Msimu wa mvua tunakata kuanzia saa nne asubuhi, kabla mawingu hayajashuka.

Halafu kuna mawe. Udongo wa Goma ni tabaka jembamba juu ya lava, na kila mvua kubwa inafunua vipande vipya vyeusi, vyenye makali. Kwanza tunapitisha reki, tunaokota, ndipo mashine inaingia. Kisu nimekiweka sentimita 5 kutoka ardhini, juu kuliko zamani, na gazoni imependeza zaidi kwa hilo. Ikikatwa chini sana lava inaonekana na mizizi inakauka Julai. Majani yakirefuka sana tunakata mara mbili, ya kwanza juu, ya pili chini, maana injini hii haina ubavu wa kulazimishwa.

Kwa gharama, kukata bustani yote mara moja kunakula kama uniti moja na robo ya umeme, badala ya karibu lita nzima ya esansi. Umeme ukikosekana, kazi inasogea hadi kesho yake, kwa hiyo hatungoji tena siku ya mwisho kabla ya sherehe.

Mashine ya zamani nilimuuzia mtu wa Mugunga mwenye uwanja mkubwa usio na prizi karibu. Kwake waya wangu usingefika hata nusu.