Nilivyompikia mpwa wangu asiyegusa nyama

Mimi ni mla nyama, na ninalisema hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kumhubiria. Asubuhi ya Jumamosi ninapenda supu ya makongoro yenye ndimu na pilipili, jioni ninapenda mbuzi wa kuchoma na ndizi pembeni, na sikukuu isiyochinjwa kitu sijaizoea. Kwa hiyo mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesoma Ujerumani, alipoandika kwamba angekaa nasi Tanga likizo nzima, na kwamba siku hizi hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, sikuwaza afya yake wala mazingira ya dunia. Niliwaza jiko, kwa kuwa tangu nilipostaafu mpishi wa nyumba yetu ni mimi.

Kukosekana kwa nyama peke yake kusingenitisha. Tumeishi na Wahindu mjini hapa kwa miaka mingi, na nani wa pwani asiyejua bhajia za dengu au kachori za viazi? Kilichonitatiza ni maziwa. Wahindu wasiokula nyama hunywa maziwa na hupikia samli, ilhali mpwa wangu yuko upande wa wale Waingereza waliojitenga na wala mboga wenzao mwaka 1944, wakiwa na Donald Watson, mmoja wa waanzilishi wa chama chao kipya, kwa sababu walitaka kuacha maziwa na mayai pia. Nyumbani kwetu samli haikuwahi kuhesabiwa kuwa kitu cha mnyama. Ilikuwa samli tu, na ilikuwa kila mahali.

Nilianza kwa kukagua vyakula tulivyokuwa tukivila siku zote, nikashangaa jinsi vilivyo vingi ambavyo havikuhitaji kubadilishwa chochote. Mbaazi za nazi, mahamri ya tui na iliki, futari ya magimbi au muhogo, wali wa nazi na maharage, makande, mchicha wa nazi: vyote hivyo bibi zetu walivipika bila kumwiga mtu wa Ulaya, na utamu wake unatoka kwenye nazi na kwenye muda wa kukaa motoni. Vyakula vilivyohitaji uangalifu ni vile ambavyo mnyama amejificha ndani yake. Kisamvu chetu tulikuwa tukikitia dagaa, nikaweka karanga zilizotwangwa badala yake, huku nikikichemsha kwa muda mrefu kama kawaida, maana majani ya muhogo yana sumu ambayo haitoki kwa haraka. Viungo vya mchuzi vya pakiti niliviacha baada ya kusoma maandishi madogo nyuma yake. Hata chipsi za barabarani zilikuwa na mashaka, kwa sababu muuzaji hukaanga kuku katika mafuta yale yale.

Mbaazi ndizo zilizonifundisha zaidi. Zamani nilizichemsha kwa pupa, zikawa ngumu katikati, nikazifunika kwa mchuzi wa nyama na hakuna aliyejua. Sasa hapakuwa na mchuzi wa kuzifunika. Nililazimika kuziroweka usiku kucha, kuyamwaga yale maji, kuzichemsha taratibu hadi zipondeke kwa vidole, kuzitia tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari ya manjano na pilipili mbichi, kisha kumalizia kwa tui zito nikikoroga bila kuacha ili lisikatike. Zinapopikwa hivyo, sioni aibu kumwekea mgeni yeyote. Na hapa niseme jambo lililo kando kidogo: wakulima wetu wa kusini na wa Manyara walipata hasara kubwa mwaka 2017, India ilipowekea mipaka uingizaji wa mbaazi, kwa sababu soko lao lilikuwa karibu lote kule. Nchi inayolima mbaazi nyingi namna hiyo, halafu sisi wenyewe tunazila kama chakula cha kungojea mshahara, ni jambo la kutafakari.

Maana tatizo kubwa halikuwa upishi, lilikuwa watu. Jirani aliyetukuta tukila maharage siku kadhaa mfululizo alimwuliza mke wangu kwa upole kama kuna shida nyumbani. Katika nchi ambayo watu wengi hawali nyama kwa sababu hawana fedha, mtu anayeikataa ilhali anaweza kuinunua haeleweki kwa urahisi, na mimi siwalaumu wanaoshindwa kumwelewa. Kwenye harusi ya ukoo mpishi alimwekea mpwa wangu pilau, akatoa vipande vya nyama kimoja kimoja kwa mwiko, akamwambia, "Haya mwanangu, hii haina nyama." Binti alishukuru kwa adabu na kula kachumbari. Tangu hapo, tukienda kwenye shughuli, nilimpikia chakula chake nyumbani na kukibeba katika hotpoti, na nilikwenda mapema kuzungumza na mama mwenye shughuli ili asione kwamba tumekidharau chakula chake. Hotpoti iliyofika bila maelezo ingeleta maneno.

Tulibishana pia, kwa heshima. Aliponieleza madhara ya ufugaji, nilimwambia kwamba nyasi za Simanjiro hazigeuki kuwa chakula cha binadamu mpaka zipitie tumboni mwa ng'ombe au mbuzi, na kwamba kumwambia Mmaasai apande maharage mahali ambapo mvua haina uhakika ni kutojua nchi. Alikubali, akasema, "Mjomba, mimi ninapinga yale mabanda ya Ulaya ambako nguruwe na kuku wanafungiwa na kulishwa soya iliyosafirishwa kutoka Brazili." Hapo nami sikuwa na la kumjibu. Kuhusu afya, nilipenda kwamba hakujidanganya: anajua kuwa vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, hivyo anameza vidonge. Pia alikamulia ndimu kwenye mboga za majani na kungoja kabla ya kunywa chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri mwilini.

Jambo moja hatukukubaliana hadi akaondoka, nalo ni vile vipande vikavu vya soya vinavyorowekwa na kuungwa kama nyama. Niliviunga kwa nyanya, tangawizi na kitunguu saumu, na ladha ya mchuzi ilikuwa nzuri, lakini kila nilipotafuna niliikumbuka nyama. Mbaazi hazinikumbushi kitu kingine, na kwa maoni yangu chakula kisicho na nyama kinaharibika pale kinapojaribu kujifanya nyama.

Siku hizi mbaazi au kunde zinapikwa nyumbani katikati ya wiki bila mtu kuuliza nyama iko wapi, na kisamvu cha karanga kimewashinda dagaa hata kwa mke wangu. Samli imerudi kwenye chapati. Pilau ya viazi na njegere, niliyoipika kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa vyeusi kidogo ili ipate rangi, mpwa wangu aliisifu sana. Mimi niliila kwa ajili yake, na tangu alipoondoka sijaipika tena.