GTX 1050 Ti yangu, joto la Dar na fremu sita nilizozitafuta wiki mbili

Wakuu habari zenu. Wiki mbili hizi nikitoka kibaruani kazi yangu ni moja tu, nakaa mbele ya kompyuta naovakloki kadi yangu ya grafiksi, yani naisukuma ikimbie zaidi ya spidi ya kiwandani, naongeza namba, najaribu gemu, nashusha namba, najaribu tena, na leo nimefika mahali naona naweza kuandika mana kuna watu kibao wana kadi kama yangu na kila wakiuliza wanaambiwa wauze wanunue nyingine wakati bado ina kitu ndani.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010 ya mnara, zile mitumba za maofisini zilizojaa Kariakoo, prosesa Core i5-3470, pawasaplai ya wati 275 ambayo haina hata waya mmoja wa kupeleka umeme kwenye kadi ya grafiksi. Ndio mana nikachukua GTX 1050 Ti. Ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139, ina memori 4GB ya GDDR5, kikomo chake ni wati 75 na hii yangu haina tundu la waya kabisa, umeme wote inavuta kwenye sloti ya mazabodi. Kwa mtu mwenye kompyuta ya ofisini hakuna njia rahisi zaidi ya hiyo, unachomeka unaweka draiva unacheza.

Kabla ya yote, kama yako umenunua mkononi pakua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani, uiangalie. Rafiki yangu aliuziwa 1050 Ti ambayo ndani yake ni chipu ya zamani ya familia ya Fermi, wameibadilishia BIOS tu, ile programu ya ndani ya kadi, ijitambulishe kwa jina lingine, na alikuwa ameshajichanga miezi mitatu, iliniuma sana. GPU-Z za kuanzia 2018 zinaandika neno FAKE mbele ya jina zikigundua mchezo huo. 1050 Ti ya kweli itakuonyesha chipu GP107 na shaders 768, yani vile vitengo vidogo vya kuchora picha, ukiona kingine rudi kwa muuzaji siku hiyo hiyo usilale nayo.

Sasa tuje kwenye kuovakloki. Video karibu zote nilizocheki ni za watu wa nchi za baridi, chumba kina nyuzi 20, kadi inakaa 60 imetulia, wanasukuma spidi ya chipu mpaka mwisho wanafurahi. Mi chumba changu ni cha bati halina dari, Februari saa nane mchana hewa yenyewe ndani ni nyuzi 33, na kadi za NVIDIA za kizazi hiki zinajiendesha zenyewe, zikiona joto linapanda zinashusha spidi kidogo kidogo, kama megahezi 13 kila hatua. Nilikaa naangalia, gemu likianza chipu inakimbia 1733, baada ya dakika kumi na tano iko 1670 na joto 81. Yani kadi ilikuwa inanipunguzia spidi mwenyewe kabla sijagusa chochote, na ningeanza kuongeza namba hapo ningekuwa namwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa bisibisi. Niliifungua, skrubu nne tu nyuma, pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka imekuwa kama chokaa ya ukutani, na katikati ya zile mbavu za alumini kulikuwa na zulia la vumbi, vumbi la Dar lenye unyevu wa chumvi likishashikana halitoki kwa kupuliza na mdomo, nilitumia brashi ya rangi iliyo kavu kabisa na blowa ya fundi wa simu jirani, na nilishika feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza mana ikizungushwa kwa nguvu beringi zake zinakufa. Pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya chipu, nikafunga skrubu kwa msalaba, basi. Joto likatoka 81 likaja 74 na gemu la Witcher 3 kule msituni Velen, kwa 1080p, likatoka fremu 41, yani picha 41 kwa sekunde, likaja 43. Kama hutaki kuovakloki kabisa fanya hili tu, nakusihi.

Baada ya hapo ndio nikafungua MSI Afterburner, programu ya kubadilishia spidi za kadi, ni ya bure, na nikaanza na memori sio chipu. Watu wengi wanafanya kinyume. Hii kadi njia yake ya memori ni nyembamba, biti 128, kwa sekunde inapitisha GB 112 tu, na gemu kubwa za sasa zinabeba picha nzito za kuta na nguo na majani, chipu inakaa inasubiri data ifike. Afterburner inakuonyesha spidi ya memori megahezi 3504, mi nikawa napanda 50 kila mara, kila hatua nazungusha Unigine Heaven, programu ya kuipima kadi inayotoa alama, naziandika kwenye daftari. Mpaka +450 alama zilikuwa zinapanda vizuri. +500 zikaganda. +550 zikashuka, na hakuna kilichokrashi wala vidoti vya rangi kwenye skrini, ukicheki unaona kila kitu kiko freshi kabisa. Hapa ndio wengi wanapotea. GDDR5 ina utaratibu wa kukagua data inavyosafiri kati ya chipu na memori, ikifika imeharibika inatumwa upya, kwa hiyo ukizidisha hupati ajali, unapata kazi moja kufanywa mara mbili, na wewe unatembea unawaambia watu nimefika +550 wakati gemu lako limepungua kasi. Daftari ni muhimu kuliko macho. Nikarudi +450, ambayo ni kama asilimia 13 juu, na njia ya memori ikawa inapitisha GB 126 kwa sekunde. Fremu 46.

Chipu sasa. Niliongeza +100, +125, +150, kwenye karatasi ni namba nzuri lakini ukicheki grafu unaona spidi inapanda na kushuka kama bajaji kwenye foleni, mana imegonga kikomo cha umeme. Kwenye kadi zisizo na tundu la waya kama hii yangu kile kitelezi cha umeme kimefungwa kwenye 100, hakipandi, na mi naona ni sawa kifungwe, sloti ya mazabodi yenyewe imetengenezewa wati 75 na hii mazabodi ni ya ofisini ina zaidi ya miaka kumi. Zile mbinu za kuchoma BIOS nyingine ili kuvunja kikomo sizifanyi na sikushauri.

Alafu kuna kelele. Mdogo wangu analala chumba hicho hicho, yuko kidato cha nne, na feni ikifika asilimia 80 inavuma mtoto wa watu halali. Hilo ndilo lililonifanya nijifunze njia nyingine, na kiukweli ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote. Badala ya kuongeza umeme unapunguza. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, unatokea mchoro wa nukta nyingi, chini kuna voltiji, pembeni kuna spidi. Kadi yangu kwa kawaida ilikuwa inatumia milivolti 1050 kufika 1733. Nikachukua nukta ya 975 nikaivuta juu mpaka 1772, nikabonyeza tiki, nukta zote za mbele yake zikalala usawa mmoja, maana yake kadi haina ruhusa ya kupita hapo. Umeme unaoliwa na chipu unakwenda na mraba wa voltiji, kwa hiyo kushuka kutoka 1050 hadi 975 pekee kunapunguza kama asilimia 14, na huo umeme uliopungua ndio joto lililopungua. Sasa hivi inakaa 1772 haitikisiki, haigusi tena kikomo, joto 68, feni asilimia 55, na dogo analala. Fremu 47.

Kutoka 41 mpaka 47. Kuna atakayesema sita ni nini. Kaa ucheze masaa mawili kwenye gemu ambalo lilikuwa linashuka hadi 34 ukizungukwa na maadui na sasa halishuki chini ya 40, utaelewa, mkono wenyewe unahisi.

Ila usitegemee kila gemu. GTA V nikiwa mjini haikubadilika kabisa, na ukicheki matumizi ya kadi unaona iko asilimia 75, 80, yani kadi ina nafasi, anayechelewa ni prosesa, i5 ya 2012 imebanwa na magari na watembea kwa miguu. Hapo hata ukiovakloki vipi hupati kitu. Washa ile onyesho la Afterburner pembeni ya skrini, kadi ikiwa 97 mpaka 99 kazi yako itazaa, ikiwa chini ya hapo shida iko kwingine.

Na kuhusu kuogopa kuunguza, namba hizi hazikai ndani ya kadi, ziko kwenye programu. Mara tatu skrini ilikuwa nyeusi, mara moja umeme ulikatika katikati ya jaribio, nikawasha tena kadi ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Muhimu usiweke ile alama ya kuanza nayo Windows ikiwaka mpaka namba zako zimekaa siku tatu nne kwenye gemu halisi. Heaven pekee haitoshi, yangu ilipita Heaven dakika 40 kwenye 1797 alafu ikakrashi Witcher 3 dakika ya sita, ndio nikashuka 1772.

Mwezi wa saba kukipoa nitaijaribu tena ile 1797. Kwa sasa wadau wenye 1050 Ti fungueni GPU-Z mniandikie hapo chini memori yenu ni ya Samsung, Micron au Hynix, na imegandia wapi. Yangu ni Samsung, +450, chumba nyuzi 33.