Nilivyoielewa swichi ya Rap1 kwenye damu

Nikisomea maabara hapa Tanga, mada iliyonitoa jasho ilikuwa protini zinazodhibiti swichi ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Majina tu yanachosha: Rap1, CalDAG-GEFI, RASA3. Kukariri kukagoma. Nikaanza kushika protini moja moja na kujiuliza: hii inawasha au inazima, na nani anaizuia?

Swichi ni Rap1. Hubeba moja ya molekuli mbili ndogo, GDP au GTP. Ikibeba GDP imezimika. Ikibeba GTP imewaka, na chembe zinaanza kunatana. CalDAG-GEFI, ikishaamshwa na kalsiamu, ndiyo inayowasha, na kazi yake ni kama ya konda wa daladala anayeshusha tu. Inashusha GDP, basi. Haichagui nani apande, ila kwa kuwa GTP ndiyo iliyojaa kituoni, inapanda GTP. Waliozaliwa na hitilafu kwenye protini hii hutoka damu ovyo, ilhali idadi ya chembe sahani zao ni ya kawaida.

RASA3 ndiyo mzimaji. Rap1 inaweza kuikata GTP yenyewe ikawa GDP, lakini kwa uvivu mno, RASA3 huiharakisha.

Hapo ndipo mjomba wangu wa Chumbageni, aliyewekewa stenti moyoni (kijibomba cha kuuacha mshipa wazi), akanibana barazani.

"Mpwa, si unasomea damu wewe? Hiki kidonge changu kinazima nini?"

Anameza klopidogreli, dawa ya kuzuia chembe sahani zisinatane. Nikamwambia, "Mjomba, hicho hakiizimi swichi. Kinamwacha mzimaji afanye kazi yake."

Ndivyo ilivyo. Chembe sahani ikiamka humwaga ADP, kemikali ya kuziamsha chembe nyingine. ADP hushika kipokezi cha P2Y12 kwenye chembe jirani, na amri inayopita hapo humfunga RASA3 mikono, swichi ikabaki inawaka. Klopidogreli, ikishageuzwa na ini, huziba P2Y12 na haibanduki tena. Chembe haina kiini cha kutengenezea kipokezi kingine, kwa hiyo hukaa hivyo mpaka ife, siku 7 hadi 10.

"Basi nikienda Pangani harusini naweza kuziacha dawa nyumbani?"

"Thubutu! Uboho unatoa chembe mpya kila siku, na hizo P2Y12 zake ziko wazi. Bila daktari wako kukuruhusu, usiache. Zinaenea mfuko wa shati, mjomba."