Kome Walivyonifundisha Kuhesabu Dakika

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi Unguja. Chombo kikipandishwa pwani kinakwanguliwa, kinatiwa moto wa makuti, kisha kinapakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, ili viumbe wa baharini wasikitafune. Nilisomea umakanika nikidhani nimeikwepa kazi hiyo ya kukwangua. Nikapata ajira Oman, kwenye mtambo wa umeme na maji pwani ya Batina. Mwezi wa kwanza tu nikapewa sepeto na kuteremshwa kwenye mfereji wa maji ya bahari. Kome tupu, tabaka juu ya tabaka.

Mtambo wetu unavuta maji ya bahari ili kuupoza mvuke unaotoka kwenye turbaini. Maji hayo hupita ndani ya maelfu ya mabomba membamba ya titani. Titani haishiki kutu baharini, ila haina ule ukali wa shaba unaowafukuza viumbe, kwa hiyo hujiotea watakavyo. Kwanza unakuja ukoga, kama wa kwenye meno: bakteria na ute wao. Ni mwembamba mno, lakini unazuia joto kupita. Mvuke haupoi inavyopasa, ombwe la kondensa, yaani chombo cha kuupozea mvuke huo, linalegea, na unajikuta unachoma gesi zaidi kwa umeme uleule. Kome nao hukaa mferejini na kunenepa, na wakibanduka maganda yao huziba midomo ya mabomba.

Dawa yetu ilikuwa klorini, inayotengenezwa palepale kwa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari. Tulitia kidogo kidogo mchana na usiku, na mara mbili kwa wiki tunatia dozi kubwa ya saa nzima.

Kiangazi changu cha pili bahari ilipita nyuzi 30 na kome wakazidi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa zamu, na nikafanya ambalo kila fundi mwenye haraka angefanya: nikaongeza dozi kubwa. Kwenye mdomo wa kutolea maji kipimo cha klorini kikavuka miligramu 0.2 kwa lita, kiwango ambacho miongozo ya Benki ya Dunia kwa mitambo ya aina hii inataka kisipitwe. Nikaandika kwenye daftari, nikakaripiwa, na nilistahili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulipofungua mlango wa mfereji wiki mbili baadaye, kome walikuwa hai. Kome akionja klorini hufumba gamba lake, na anaweza kukaa hivyo siku kadhaa. Ile saa moja yangu kwake ilikuwa usingizi wa mchana.

Siku hizo hizo akaja getini mzee mmoja mvuvi, mzaliwa wa Unguja aliyerudi Oman kijana, na mfuko wa plastiki. "Mwanangu, hivi ni vyenu?" Ndani mlikuwa na vimpira vya sponji, kama ishirini. Vilikuwa vyetu. Huzungushwa ndani ya mabomba pamoja na maji, vikubwa kidogo kuliko bomba lenyewe, vinasugua ukoga huku mtambo unaendelea kufanya kazi. Chujio la kuvirudisha lilikuwa limelegea upande mmoja. Tulikuwa tunajisifu kwamba hiyo ndiyo njia yetu isiyo na sumu.

Chujio lilirekebishwa kwa siku moja. Tangu hapo vimpira huhesabiwa vinapoingia na vinapotoka, kazi inayowachosha vijana wa zamu ya usiku, na siwaonei huruma.

Kwa kome ilibidi nisome. Uholanzi wahandisi walishaifanyia kazi njia ya kutia klorini kwa vipindi vifupi, wakifuata tabia ya kome mwenyewe. Niliweka kome kwenye tangi dogo la maji yanayopita, nikatia klorini, nikafunga, nikakaa na saa ya simu kungoja wafungue. Nilirudia siku tano. Wengi walianza kuchungulia baada ya dakika kumi na kitu. Basi tukapanga: robo saa klorini, robo saa maji matupu, mfululizo. Kila akitaka kula, sumu inarudi. Anafunga, anafungua, anafunga, mpaka anachoka. Wakubwa waliniambia kupunguza dawa ili kuua zaidi ni hesabu ya mwendawazimu. Walinipa mfereji mmoja tu kati ya miwili. Miezi mitatu baadaye mfereji huo ulitumia klorini pungufu kwa karibu theluthi moja, na sepeto halikuhitajika.

Nisidanganye, halijaisha. Maji ya bahari yana bromidi, kama miligramu 65 kwa lita. Klorini ikikutana nayo huibadili kuwa bromini, na kinachobaki baada ya kupambana na uchafu ni pamoja na bromofomu, kemikali yenye sumu, inayotoka na maji yetu. Imepungua, haijakoma. Bakteria nao hawana gamba la kufunga, kwa hiyo ukoga haujali sana hesabu zangu za dakika. Nilijaribu wiki moja kushusha klorini mno, ombwe likalegea na gesi ikapanda. Wanaotutaka tuache klorini kabisa huwa hawaulizi moshi wa gesi hiyo ya ziada utakwenda wapi. Mimi nimechagua kiasi kidogo cha vyote viwili, klorini na moshi, na napima kila siku.

Mzee bado anapita na mfuko wake. Mwezi uliopita ulikuwa na kimpira kimoja, kikuukuu. Sasa lalamiko lake ni joto la maji tunayoyamwaga, na hilo sina vali ya kulifunga. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akaenda kutupa mshipi wake palepale penye mdomo wa maji ya moto, maana majira ya baridi samaki hujaa hapo.