Kivuli kilichokuwa kinaniulia droni ya sola

Wiki mbili droni yangu ya sola ilinihangaisha hapa Dunga, Kisumu, saa sita chaji inapanda poa, saa kumi ikigeuka tu kutoka ziwani umeme unashuka karibu nusu na betri inaanza kuliwa. Nikalaumu betri, nikanunua ingine, hasara tupu. Kumbe ni kale kamlingoti ka GPS katikati ya bawa! Jua likilala kivuli chake kinafunika nusu ya seli moja ya sola pale bawani, na vile seli zote 24 nilikuwa nimeziunga mfululizo, moja ikizibwa zote zinabanwa. Nikahamishia GPS mkiani, nikagawa seli makundi manne, kila kundi nikachomelea dayodi ya kupitisha umeme pembeni kundi hilo likizibwa. Jana imekaa juu mpaka giza. Zephyr, ile droni ya sola ya Airbus, mwaka 2022 ilimaliza siku 64 hewani, sisi pole pole.