Nilivyowanasa Panya Waliohaririwa kwa Sufuria ya Kantini

Nilitakiwa kujua ni panya gani DNA yao imehaririwa, yaani herufi zake zimebadilishwa, na yupi bado. Kuna kaka mmoja mwenye shahada nyingi kuliko mashati aliniambia, "Dogo, hiyo kazi ndogo. Piga PCR, tupia kwenye jeli ya agarosi, panya aliyehaririwa utamwona tu." Nikatii. (PCR ni kunakili kipande cha DNA mara nyingi; jeli ni bamba laini ambamo umeme husukuma vipande, vifupi vikitangulia.) Mistari yote ikakaa usawa mmoja, aliyeguswa na asiyeguswa hawapishani. Ningeona nini? Cas9, yaani mkasi wa protini uliotumika kuwahariri, ikishakata DNA, seli inaiunga yenyewe kwa pupa, na mara nyingi inapoteza au kuongeza herufi chache tu. Herufi 4 ndani ya kipande cha 300, agarosi izionee wapi?

Panya wenyewe hawakuwa Arusha. Walihaririwa Ulaya wakiwa viinitete, sisi tukaletewa DNA ya ncha za mikia. Ushauri wa pili: zipelekeni zote nje zikasomwe herufi kwa herufi. Kwa hela ya nani?

Nikachanganya PCR ya kila panya na ya panya wa kawaida. Ukizichemsha, nyuzi za DNA zinaachana. Ukizipooza taratibu, uzi wa kawaida unajikuta umeshikana na uliohaririwa, pale pasipolingana panavimba, na kwenye jeli ya akrilamidi, inayochuja kwa makini kuliko agarosi, kitu hicho kinakwenda kwa kusuasua na kubaki juu. (Glavu jamani, akrilamidi kabla haijaganda ni sumu ya neva.) Usiache kuchanganya na ya kawaida. Panya ambaye nakala zote mbili zimebadilika kwa namna ileile, ukimchemsha peke yake, atatoka msafi kabisa.

PCR imeisha, nataka kuchemsha, umeme ukakatika. Nikashuka kantini.

"Shikamoo mama. Naomba sufuria na jiko la gesi."

"Marahaba mwanangu. Unapika nini?"

"DNA ya panya."

"Basi hiyo sufuria usinirudishie."

Sasa sikieni raha. Mashine ya PCR, ambayo ndiyo ingechemsha, inatakiwa ifike sentigredi 95. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye 95 hivi hivi! Mlima umenifanyia kazi ya mashine ya mamilioni. Nikatoboa kipande cha povu la boksi la televisheni, nikachomeka vichupa vielee, vifuniko nikavibana visifumuke. Dakika tano, nikazima gesi, nikafunika na kuizungushia shuka la Kimasai, maana baridi ya Julai ingeipooza upesi mno. Ilipobaki vuguvugu, nikatoa. Umeme uliporudi jioni nikaendesha jeli: mistari ya juu hiyo, imejipanga! Mama nilimnunulia sufuria nyingine, elfu kumi na kitu.

Mbinu hii haijali mkasi gani wa protini umekata: vidole vya zinki vilivyotumika kwa panya wakubwa wa maabara mwaka 2009, TALEN, au Cas9 iliyofika kwa panya wadogo 2013.

Ila mkia usiuamini sana. Panya wa kizazi cha kwanza huwa mchanganyiko, seli hizi zimehaririwa na zile hazijahaririwa, na mkia hausemi kitu kuhusu mbegu zake. Tumeomba DNA ya watoto wao; mzigo bado unasubiri kibali.