Mfumo nao unapigiwa simu

Jamani leseni ya duka langu la vipodozi Mbagala imetoka na sijapanga foleni ya kuombea hata kidogo, unaingia kwenye ule mfumo wa Tausi, wa kuombea leseni za halmashauri mtandaoni, unajaza namba ya NIDA (ya kitambulisho) na TIN (ya mlipakodi), unachagua biashara yako na ilipo, unatuma. Hapo safi, sina neno. Kasheshe ikaja maombi yalipofika kwa binadamu wa kuyahakiki, yakalala, kila nikifungua naona inasubiri, inasubiri, muuza chipsi jirani ananiambia dada we tafuta mtu wa ndani umpigie (sasa kompyuta tumeweka za nini?). Nikagoma. Mwishowe nikapiga namba ya msaada, kijana akacheki akaniambia dada mkataba wako wa pango haufunguki huku, heee, sa si mngenitumia hata meseji? Nikapandisha upya, jioni yake control namba ya kulipia hii hapa, nikalipa kwa simu nikiwa zangu kwenye daladala. Nyie mnaosubiri, kachekini mafaili yenu kama yanafunguka, na kama hayajibiwi pigeni simu wala msione haya.